Zamu ya Cheche Mlangoni

Viti vya chekechea havikutengenezwa kwa ajili ya bibi mwenye magoti mabovu, lakini bibi yake Cheche alikuwa amekwisha kukizoea chake. Kilikuwa kile cha mwisho karibu na dirisha, chenye mguu uliofungwa waya. Kila asubuhi alimleta mjukuu wake darasani, akasema anakaa kidogo tu apumzishe miguu, na kidogo hicho kikafika mpaka wakati wa uji. Mwalimu hakumfukuza. Angemfukuzaje, na mwalimu mwenyewe alikuwa mkaza mwanawe, mama yake Cheche?

Si kwamba alikaa bure. Alipewa kazi ya kushona macho ya vifungo kwenye soksi kuukuu. Mwalimu aliwavalisha watoto soksi hizo mikononi na kuwaambia wazifundishe kusalimia kwa Kiingereza. Mtoto mwenyewe anaweza kuona haya, alisema, lakini soksi haina haya. Na kweli, kulikuwa na mtoto mmoja ambaye tangu shule ifunguliwe hakutoa sauti hata ya kuomba kwenda chooni. Siku alipovaa soksi, ikasema Good morning kwa sauti nene kama ya dereva wa lori. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo alimheshimu mkwe wake kwa namna nyingine, ingawa hakumwambia.

Kulikuwa na mchezo wa mpira pia, anayeudaka anaitikia salamu kabla hajaurusha. Lakini mchezo waliougombania watoto ulikuwa wa mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mdogo, wa bati na chuma, umepakwa rangi ya buluu, unasimama wenyewe katikati ya darasa. Aliutengeneza baba yake Cheche, fundi wa kuchomelea, Jumapili nzima bila kulipwa, akasugua kingo zote kwa msasa asije mtoto akajikata. Bibi alikumbuka jinsi mwanawe alivyopitisha kiganja kwenye kingo zile, pole pole, mara mbili mbili. Mikono ile ile.

Mchezo ulikwenda hivi. Mtoto mmoja anakaa ndani, mwingine anabisha hodi kutoka nje. Mwalimu anainua picha: jua linachomoza, jua liko utosini, jua linatua, au mwezi. Anayeingia anatoa salamu ya wakati huo, na wa ndani anaitikia. Ila haingii kama yeye mwenyewe. Anaingia kama mtu wa kwao, na wenzake wanakisia ni nani, wakipatia wanapiga makofi. Mwalimu aliwaambia walimu wenzake kwamba neno tupu mtoto analisahau kabla ya kufika nyumbani, ila ukilipatia mwili litakaa. Basi watoto wakaingia na kikohozi cha babu, wakaingia na simu ya shangazi sikioni, mmoja akaingia akipepesuka kama mjomba, na mama mpishi aliyekuwa akichungulia dirishani akakimbia kucheka mbali.

Bibi aligundua jambo moja ambalo wengine hawakuligundua. Kila zamu ya Cheche ilipofika, mwalimu aliinua picha ya jua linalochomoza. Kila mara. Nyumbani kwao asubuhi ilikuwa na amani. Fundi huamka mapema, hunywa chai amesimama, humbusu binti yake utosini na kwenda zake. Bibi aliona, akaelewa, akaendelea kushona vifungo.

Siku ya wazazi mwalimu alikuja na blauzi ya mikono mirefu, na joto lile. Bibi mwenyewe ndiye aliyeinyoosha alfajiri, bila kuuliza.

Wazazi walijipanga ukutani, kama ishirini hivi. Fundi alifunga karakana yake, akanyoa, akavaa shati jeupe. Watu walimpenda. Alikuwa amelitengeneza geti la shule bila kudai kitu, na kila mama aliyeingia alimpa salamu na utani wa kumwuliza atamjengea lini nyumba ya chuma. Aliwajibu wote. Alimtafutia mzee mmoja kiti. Bibi alimtazama kwa ile furaha ya mama ambayo haiulizi maswali.

Soksi zilisalimia, mpira ukarushwa, wazazi wakacheka. Ulipofika mchezo wa mlango, mwalimu mkuu, mtu mwema anayependa kuonekana anasaidia, akazichukua picha mkononi mwa mwalimu. Alisema mwalimu apumzike, leo yeye ndiye atakayeziinua. Mwalimu alinyoosha mkono kuzidai, kisha akaurudisha kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Ndani ya mlango alikaa mtoto mmoja mnene, mpole, ambaye darasa zima lilimwita Kibonge. Alikuwa mama siku hiyo, kajifunga kitambaa kichwani. Zamu ya kubisha ilikuwa ya Cheche. Alimtafuta baba yake ukutani, akamwona, akatabasamu mpaka pengo la meno likaonekana. Akamnong'oneza mwalimu mkuu kwamba leo atakuwa baba. Mwalimu mkuu akaona ni jambo zuri sana, baba akiwa palepale. Akainua picha ya jua linalotua.

Cheche hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke, bati likalia. Aliingia akiwa amepanua mabega, akasimama, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Kibonge, kama alivyofundishwa, akasema, "Good evening, Daddy. How are you?"

Cheche alimkamata ukosi wa shati. Alimzaba kofi la kwanza, kisha la pili kwa upande wa nyuma wa mkono, kisha akamshika kichwa na kukigonga kwenye fremu ya chuma. Alifanya bila hasira, kwa mpangilio, kama mtu anayekunja nguo. Akamwuliza kwa sauti nzito nani alikuwa hapa, nani, unanyamaza unanidharau. Kibonge alikuwa ameshangaa mno hata hakulia. Damu ilimtoka mdomoni. Ndipo Cheche akakumbuka kwamba mchezo haujaisha. Akamwachia ukosi, akasimama wima, akasema kwa Kiingereza safi kuliko cha mtoto yeyote siku ile, "I am fine, thank you. And you?"

Watoto walikuwa na sheria yao, nao waliifuata. Wakasema kwa pamoja kwamba ni baba, ni baba yake Cheche, na wakapiga makofi.

Makofi yale yalidumu kidogo tu, lakini bibi aliyasikia siku nyingi. Wazazi walikaa kama wamemwagiwa maji. Fundi ndiye aliyecheka kwanza, akasema watoto wa siku hizi wanaharibiwa na televisheni. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Mwalimu mkuu, jasho limemtoka, akatangaza kwamba sasa tunarudi kwenye mpira. Mama yake Kibonge alimpakata mwanawe na kumfuta damu kwa upindo wa gauni. Hakumtazama Cheche hata mara moja. Alitazama mikono mirefu ya blauzi ya mwalimu, akaitazama kwa muda, kisha akainamisha macho.

Cheche alibaki amesimama mlangoni. Alisubiri baba yake amsifu.

*

Siku ya wazazi shule hufungwa mapema. Walirudi nyumbani watatu, mwalimu mbele, bibi na mjukuu nyuma, jua bado kali. Bibi alijaribu kuongea. Alisema joto hili litaleta mvua. Alisema soksi ya kijani imechanika kidole, ataishona. Mwalimu aliitikia kila neno kwa adabu, akiwa mbali.

Fundi hakurudi karakana. Walimkuta sebuleni amekaa, shati jeupe amelitundika kwenye msumari lisichafuke. Aliomba maji, akanywa yote, akarudisha bilauri mezani taratibu. Akamwambia mkewe aingie chumbani.

Bibi alifanya lile alilolifanya kila mara. Alimshika Cheche mkono, akampeleka uani kwenye bomba, akafungulia maji yaangukie ndani ya beseni la bati yapige kelele, akachukua nguo ambazo hazikuwa chafu akaanza kuzifua, na akaimba. Kwa miaka mitano aliimba hivyo. Alikuwa na sauti nzuri ujanani, na majirani walidhani anaimba kwa kuwa ana furaha na mjukuu. Yeye aliamini kwamba sauti yake ni ukuta, na mtoto yuko upande wa pili wa ukuta huo.

Cheche alinyoosha mkono akafunga bomba.

"Bibi, usiimbe," alisema. "Hata ukiimba nasikia."

Bibi alibaki na nguo mkononi, povu likimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alitaka kumwambia mke mwenzangu, acha maneno yako, kama alivyozoea kumtania.  Lakini kwa kuwa bomba lilikuwa limefungwa, yeye pia akasikia, kwa mara ya kwanza bila pazia.

Fundi alikuwa akisema amevuliwa nguo mbele za watu. Kila sentensi ilikuja na pigo lake, na baada ya kila pigo kitanda kilisogea sakafuni. Alisema ameujenga mlango ule kwa mikono yake ili aje adhalilishwe nao. Alitaka kujua nani alimfundisha mtoto kufanya vile. Aliuliza mara nyingi. Mwalimu, ambaye kwa desturi huomba msamaha hata wa kosa asilolijua, safari hii hakuomba. Kisha sauti yake ikatoka, tulivu, ile ya darasani.

"Wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyemfundisha. Kila jioni."

Baada ya hapo hakukuwa na maneno. Ilisikika droo ya zana ikivutwa mpaka ikaanguka. Mwalimu alitoka chumbani akikimbia kwa magoti, nusu anatambaa, blauzi imechanika bega, na mumewe nyuma yake na kipande cha nondo chenye urefu wa mkono. Alimpiga mgongoni, akampiga paja, akampiga tena paja lile lile. Alipumua kwa kinywa kama anavyopumua akibeba chuma kizito. Halafu akasimama katikati ya sebule, akamwita binti yake. Akamwita kwa upole. Njoo, mwalimu mdogo, njoo umwoneshe baba ule mchezo.

Cheche, mtoto mtiifu, akaanza kwenda.

Mwalimu alijitupa kwenye kizingiti cha mlango wa uani akauziba kwa mwili wake. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, na nondo ikaufikia mkono katikati ya kiwiko na kiganja. Ulivunjika kwa mlio mkavu ambao hata mtu asiyewahi kuusikia huujua. Nondo ikainuka tena. Hapo bibi akajikuta amelala juu ya mkwe wake. Hakukumbuka kukimbia, na magoti yake hayajakimbia miaka kumi. Pigo lililokuwa limekwisha kuanza halikuweza kurudi. Lilimpata begani, na bega likafa ganzi mpaka kwenye vidole.

Fundi aliona amempiga nani. Alitazama nondo, akaitazama kama imeletwa na mtu mwingine. Aliiweka chini, hakuitupa, aliiweka. Akawavuka kizingitini, akaenda bombani, akapiga hatua kumpita binti yake bila kumgusa, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akavaa shati lake la kazi, akatoka. Baada ya muda mfupi walisikia kutoka karakana ya mtaa wa pili mashine ya kukatia chuma ikianza kulia.

Bibi hakuwa na nguvu ya kuinuka. Alilala pale, shavu lake kwenye nywele za mkwe wake, na Cheche akaja akakaa karibu nao, akaishika ncha ya gauni la bibi. Kwa hiyo aliyeingia aliwakuta hivyo, watatu sakafuni.

Aliyeingia ni mama yake Kibonge. Alikuja na maneno mengi ya mdomo uliopasuka wa mwanawe, au labda hakuja na maneno hayo, bibi hakumwuliza kamwe. Alisimama kidogo, akaweka mkoba chini. Hakusema pole, wala hakupiga kelele, wala hakuuliza kulikoni. Alichana jalada gumu la daftari la picha za watoto lililokuwa mezani, akalikunja chini ya mkono uliovunjika, akavua kilemba chake akaufunga. Akatembea mtaani kichwa wazi kutafuta gari. Bibi alijua yule mama hakuwahi kutoka nje kichwa wazi.

*

Hospitali walitaka karatasi ya polisi kabla ya kufunga mkono plasta. Bahati nzuri palikuwa na dawati la polisi palepale, kwenye kona karibu na dirisha la dawa. Askari aliyekaa hapo alikuwa mwanamke mwenye mafua, ana karatasi za kupengea zimejaa kwenye kikombe. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja aliyekuwa mbele, mwenye jicho lililofungwa bandeji, alimwona mwalimu akaondoka kwenye benchi, akasema yeye jicho lake limekwisha kuzoea. Bibi alimkumbuka kwa hilo.

Askari aliuliza jina, akaandika. Aliuliza umri, akaandika. Akauliza ameumiaje.

"Nilianguka," mwalimu alisema. "Nilikuwa na ndoo ya maji, nikateleza."

Askari alimtazama jicho lililokuwa likifumba kwa uvimbe, na alama za ukosi shingoni, akashusha pumzi ya mtu aliyesikia habari za ndoo hiyo mara nyingi. Akainamisha kalamu aandike.

Bibi aliyajua maneno yale kwa kuwa yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyeyashona, miaka saba nyuma, wakati mkwe wake, bado bibi harusi, alipokuja kwake na mdomo umevimba. Alimkanda kwa maji ya moto, akamwambia wakiuliza useme ni ndoo, mwanangu, mambo ya nyumbani hayatoki nje. Alimwambia kwa mapenzi. Hata sauti ya mwalimu alipokuwa anayasema ilifanana na ya kwake.

"Hakuanguka," bibi alisema.

Mwalimu aligeuka, akamshika mkono kwa ule mkono wake mzima. Mama, acha, alinong'ona. Mama, tafadhali.

"Amepigwa kwa nondo," bibi aliendelea, akimtazama askari na si mkwe wake, maana angemtazama mkwe angeshindwa. "Leo baada ya saa sita. Nami nimepigwa hapa. Nilikuwepo. Na siku nyingine zote nilikuwepo."

Askari aliuliza yeye ni nani wake.

"Mimi ni mama wa aliyempiga. Mama mzazi."

Yule askari aliweka kalamu chini. Alipenga mafua, akavuta kiti kutoka nyuma ya dawati ambacho hakikuwa cha wateja, akamkalisha bibi. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba akiandika itakuwa imeandikwa. Leo jioni watakwenda kumchukua. Mama wengi huja kesho yake na machozi. Afikiri kwanza.

Bibi alifikiri. Alifikiria mkono wake, jinsi ulivyokuwa ukianika shati jeupe la mwanawe kwenye kamba akiwa mtoto. Alifikiria nani atampeleka hospitali magoti yakikataa kabisa. Alifikiria uso wa Cheche pale alipoanza kutembea kuelekea kwa baba yake kwa kuwa ameitwa. Bibi yule hakusoma sana. Aliishia darasa la nne, na herufi zake zilikuwa kubwa na zenye kutetemeka kama za watoto wa mkwe wake. Alipopewa karatasi aliandika jina lake lote, pole pole, na mwalimu, machozi yakimtiririka, akaishikilia karatasi isisogee.

*

Kesho yake asubuhi akaja shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa suti na maneno ya mikutano. Alikuwa amekwisha kupita kituoni. Alisema kijana ana alama usoni, walimkamata kwa nguvu, alikataa, wakamlaza kwenye cheche za chuma chake mwenyewe. Alisema hayo akimtazama bibi aone kama yatamchoma. Yalimchoma. Alimimina chai bila kikombe kutikisika.

Shemeji aliendelea. Ni jambo la nyumbani, litamalizwa nyumbani. Mwalimu ataombwa radhi, kijana ataapa. Bibi aende tu aseme alikuwa na hasira, alichanganyikiwa, mzee, bega linauma, wataelewa. Kisha akabadilisha sauti.

"Shemeji, una mtoto wa kiume mmoja tu duniani. Ukifa, nani atakuzika?"

"Atakayenikuta nimekufa," bibi alisema. "Sukari unaweka kiasi gani?"

Shemeji hakunywa. Aliondoka akisema ukoo mzima umesikia, na kwamba hata mtoto huyu mdogo akikua ataitwa aliyemfunga baba yake. Alisema kwa makusudi, Cheche akiwa amekaa mezani.

Mwalimu alikuwa amelala chumba cha bibi, mkono kwenye plasta. Alisikia yote. Alisema kwa sauti ya homa kwamba labda kweli, mama, labda tungefuta. Hii nyumba itakuwaje. Watu watasemaje shuleni, nitasimama vipi mbele ya wazazi wale wale. Bibi alimgeuzia mto upande wa baridi. Akamwambia nyumba hii aliiacha marehemu kwa jina langu, na mimi bado sijafa, kwa hiyo ni yako pia mpaka nikwambie vingine.  Kuhusu shule alisema tu kwamba mama yake Kibonge amekuja alfajiri, ameacha supu mlangoni, na amesema mwanawe anauliza mwalimu anarudi lini.

Cheche alikuwa hajagusa mkate wake.

"Bibi, ni mimi niliyemfunga baba?"

Bibi aliweka sufuria chini. Aliinama mpaka magoti yakalia, akawa uso kwa uso na mtoto, ingawa kuinuka baadaye kutakuwa kazi nyingine.

"Hapana," alisema. "Aliyemfunga ni mimi, mama yake. Wewe ulikuwa unacheza, na ulicheza ulichokiona. Ukisikia mtu anasema vingine, mlete kwangu."

"Na Kibonge?"

"Kibonge utamwomba radhi, maana huyo ulimpiga kweli na kumwumiza. Hiyo ni yako."

Cheche alifikiri, akakubali kwa kichwa. Akaanza kula mkate.

*

Bibi alifika kituoni wakati wa chakula cha mchana, chombo cha wali kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuja peke yake, kwa miguu, akipumzika kwenye kila ngazi ya duka. Askari kijana alimsaidia kubeba mpaka kwenye korido. Walimtoa fundi, wakamkalisha kwenye benchi upande wa pili wa wavu. Shavu lake moja lilikuwa limeungua madoa madoa. Bibi alitaka kuingiza vidole kwenye wavu amguse. Hakuingiza.

Fundi aliuliza kama amekuja kufuta.

Alijibu amekuja na chakula.

Fundi alicheka kidogo kwa pua. Kisha akasogea mpaka kwenye wavu, akaongea kwa sauti ya chini ambayo bibi aliijua tangu ikiwa nyembamba.

"Baba alikung'oa jino mbele yangu. Ulifuta damu sakafuni, ukampakulia chakula. Hukwenda popote. Hukusema kwa mtu. Leo mimi ndiye wa kwanza?"

Maneno yale yalimkuta bibi mahali pasipo na kinga. Askari kijana akageukia ukuta, akajifanya anasoma tangazo, awaachie nafasi. Hilo nalo bibi aliliona.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nilinyamaza. Na wewe ulikaa pale pembeni ya meza, ukinitazama ninavyonyamaza. Nilidhani nakulinda." Alifungua kitambaa, akapitisha chombo kwenye tundu la chini la wavu. "Kula, mwanangu. Bado moto."

Fundi alikichukua chombo. Alikishika kwa mikono miwili, akakipima kama anavyopima chuma, halafu akakitupa kwenye wavu kwa nguvu zake zote. Wali ulimrukia bibi usoni na kifuani, wa moto. Kifuniko kikabingirika koridoni kikilia. Askari kijana alipita mlango wa wavu akamrukia, akamkaba, akambamiza ukutani, wa pili akaja mbio na rungu akampiga mara moja nyuma ya mapaja, akainua tena.

"Msimpige," bibi alisema. Alisema bila kupaza sauti, lakini rungu likabaki juu. "Mimi sikumleta hapa aje apigwe. Kwenu pia hapana."

Walimrudisha ndani. Alikwenda bila kugeuka, akichechemea. Bibi alijipangusa uso kwa kitambaa, akainama akaanza kuokota wali sakafuni, punje kwa punje, kwa mkono wa bega zima. Askari kijana alimwambia aache, kuna mtu wa usafi. Akasema mtu wa usafi ni mtoto wa watu pia. Basi kijana akachuchumaa wakaokota wote wawili.

Alipomaliza alimwuliza kesho wanaruhusu chakula saa ngapi. Kijana akamwambia saa kama hii, mama, lakini kwa alivyofanya yule hulazimiki.

"Nitakuja," bibi alisema. Alikunja kitambaa, akakifunga kwenye chombo kitupu alichorudishiwa. "Na ile karatasi yangu?"

"Ipo kwenye jalada, mama. Unataka kuiona?"

"Hapana. Ibaki hukohuko."